Majani ya Muhogo, Viazi na Karoti Katika Jiko Langu la Ujiji

Jumamosi iliyopita, katika soko la Mwanga, nilisimama mbele ya meza ya mama anayeniuzia karoti na bitiruti, nikamtazama akizishika karoti shingoni moja baada ya nyingine, akiyasokota majani yake na kuyatupa chini ya meza, ambako tayari palikuwa na rundo linalofika magotini. Nilipomwomba anifungie karoti zangu pamoja na majani yake, aliniuliza, "Dada, umeanza kufuga sungura?" Nikamjibu, "Hapana, mama, nakwenda kuyapika." Alicheka kwa wema, akainama, akanijazia kikapu bila kunidai chochote.

Jambo hilo limenikaa moyoni wiki nzima, kwa sababu sisi watu wa Kigoma si wageni wa kula majani ya mmea wa mizizi. Hakuna mtu hapa anayelitazama jani la muhogo akaona takataka. Tunalitwanga, tunalipika kwa mawese, tunaliita sombe, na tunalila kwa ugali wa muhogo, hivyo kwamba mzizi na jani la mmea mmoja hukutana tena kwenye sahani moja. Hata hivyo mama yuleyule anayekula sombe mara tatu kwa wiki anaweza kutupa majani ya bitiruti yenye afya tele, kisha akatoa fedha kwa jirani yake wa meza ya pili kununua fungu la spinachi. Naamini hatuyatupi majani hayo kwa dharau. Tunayatupa kwa sababu hakuna aliyetufundisha masharti yake, kama bibi zetu walivyotufundisha masharti ya sombe. Na masharti hayo yanatofautiana sana: kuna jani linalotaka muda mrefu, kuna linaloharibiwa na muda, kuna linalofaa kuwa kiungo tu, na kuna moja ambalo halifai kuingia chunguni kabisa.

Nianze na sombe, kwa kuwa ndiyo shule ya mengine yote. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mwenyeji wa Kasulu, alikuwa akichuma majani machache ya juu ya kila shina, yale ambayo bado ni laini, akayaacha mengine yaendelee kuulisha mzizi. Alituonya kwamba shamba linalochumwa bila kupumzishwa halitoi mihogo minene, na hilo ni kweli, maana mzizi hunenepa kwa chakula kinachotengenezwa na majani. Akifika nyumbani aliondoa vikonyo, akayaosha majani, akayatia kinuni yakiwa mabichi pamoja na punje chache za chumvi ya Uvinza, akaanza kutwanga. Sauti ya mchi ilikuwa inabadilika kadiri kazi inavyokwenda. Mwanzoni majani huwa makavu na mchi hugonga kwa mlio mkavu. Baadaye maji ya majani hutoka, mlio unakuwa mzito na wa kunata, na harufu kali ya ubichi inafika mpaka barazani. Hapo aliridhika, lakini hakuipeleka jikoni mara moja. Aliifunika kwa ungo, akaenda kuchota maji, akawasha moto, akazungumza na jirani, ndipo akarudi.

Kwa miaka mingi nilidhani kule kungoja kulikuwa ni kuipumzisha mikono tu. Ukweli ni kwamba ndani ya jani la muhogo kuna kitu kinachoitwa linamarini, ambacho kimetengwa katika sehemu yake, na kuna kimeng'enya kilichotengwa katika sehemu nyingine ya jani hilohilo. Jani likiwa zima vitu hivi viwili havikutani. Mchi unapolivunjavunja jani, vinakutana, linamarini inavunjwa, na mwisho wake ni sumu ya sayanaidi inayotoka ikiwa gesi. Sumu hiyo huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, yaani joto la kawaida la mchana wa Ujiji, kwa hiyo nyingi huondoka yenyewe kwa hewa na inayobaki hufukuzwa na moto, mradi chungu kiwe wazi. Kwa maneno mengine, kutwanga ndiko kunakoitoa sumu mafichoni, na moto ndio unaoimalizia. Bibi hakujua jina la linamarini, lakini hakuwahi kufunika chungu cha sombe mpaka maji ya kwanza yachemke kwa muda mrefu.

Hapa nina neno kwa wadogo zangu ambao siku hizi huyatumbukiza majani mazima katika maji ya moto kwanza ili yalainike na kazi ya kinu iwe nyepesi. Ninaielewa sababu yake, kwa maana kutwanga kunachosha mabega, lakini naomba waache. Maji ya moto huua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake, na hapo linamarini hubaki ndani ya majani ikiwa nzima, hata kama mtatwanga baadaye mpaka jioni. Ni heri kupeleka majani mabichi kwenye mashine ya kusaga, ambayo sasa inapatikana karibu na masoko mengi, kuliko kuyachemsha kwanza. Mpangilio ni mmoja: kutwanga yakiwa mabichi, kuacha kwa muda, kisha kuchemsha bila mfuniko. Mimi huchemsha kwa muda wa saa moja, nikiongeza maji ya moto yanapopungua, na sijawahi kujuta kwa mkaa uliotumika.

Maji yakishapungua ndipo naweka kitunguu, bilinganya au nyanya chungu, na mawese. Mawese yetu mekundu yana kiasi kikubwa cha kile kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini, na wekundu wenyewe ndio dalili yake. Mtu anayeyachoma kwenye sufuria mpaka yawe meupe anakuwa ameuchoma uzuri wake. Kwa sababu hiyo mimi huyamimina juu ya mboga inayochemka, siyaunguzi kwanza. Kisha dagaa wa ziwani, waliochambuliwa na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu, huingia dakika 15 kabla ya kuepua. Dagaa hawa si mapambo. Jani la muhogo lina protini nyingi kuliko watu wengi wanavyodhani, lakini protini hiyo ina upungufu wa aina fulani zenye salfa ndani yake, ambazo samaki wanazo kwa wingi, na mwili wetu hutumia salfa hiyohiyo kuizima sayanaidi kidogo inayoweza kubaki. Aliyeanza kuunganisha sombe na dagaa huku mwambao wa Tanganyika aliongozwa na ulimi wake, na ulimi ulimwongoza vizuri.

Matembele ni kinyume cha hayo yote. Jani la kiazi kitamu halina linamarini, halihitaji kinu wala saa nzima ya moto, na linaharibiwa na yule anayelihurumia kwa kulichemsha mno. Linapovunjwa hutoa utomvu mweupe unaotia vidole weusi, na huo ndio unaowatisha watu, ingawa maji na chumvi kidogo huuondoa. Ni kweli kwamba matembele mengi yanayouzwa sokoni hutoka kwenye aina zinazopandwa kwa ajili ya majani tu, lakini marando yanayobaki shambani baada ya kuchimba viazi yana ncha laini zinazoliwa vizuri vilevile. Wakati wa kuvuna viazi katika shamba letu la Mahembe, mimi hupita mbele ya wenye majembe na kuchuma ncha zenye urefu wa kiganja, kwa sababu wakishapita wao, marando hukanyagwa na kulala juani, na baada ya saa mbili yanakuwa hayana ladha.

Nayapika hivi: kitunguu na nyanya zikaangwe kwa mafuta mpaka ziive kabisa, kisha matembele yaliyokatwa yaingie yakiwa bado na matone ya maji ya kuoshea, yageuzwe mara mbili tatu, na ndani ya dakika tano au sita yaepuliwe yakiwa na rangi yake. Mafuta ni ya lazima, hata kama ni kijiko kimoja, kwa kuwa vitamini A ya majani huyeyuka katika mafuta na bila hayo sehemu kubwa hupita mwilini bila faida. Kuna wapishi wanaotia magadi ili majani yalainike haraka na yabaki na ukijani wa kuvutia. Siwalaumu, kwa maana mama zetu walifanya hivyo, lakini magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na matembele ni laini yenyewe. Magadi nayaachia maharage makavu, na huko pia kwa kiasi.

Tuje sasa kwenye kikapu nilichopewa na yule mama wa Mwanga.

Majani ya bitiruti ndiyo yanayonisikitisha zaidi yanapotupwa. Ile mboga tunayoiita spinachi katika masoko yetu, yenye jani pana na kikonyo kinene cheupe, na bitiruti yenyewe, ni mmea wa aina moja. Tofauti yake ni kwamba mmoja ulichaguliwa na wakulima wa zamani kwa sababu ya jani, na mwingine kwa sababu ya mzizi. Mtu anayetupa majani ya bitiruti na kununua spinachi anatupa mboga ileile anayokwenda kuinunua. Ila vikonyo vyake vyekundu vinachelewa kuiva kuliko jani, kwa hiyo navitenga, navikata vipande vidogo na kuvitia pamoja na kitunguu, navipa dakika tano za kutangulia, ndipo jani lifuate. Mchuzi hugeuka kuwa mwekundu, na mara ya kwanza watoto wa dada yangu walikataa kuula. Nilipouweka kwenye wali wa karanga waliugombania. Tahadhari yake ni moja: majani haya yana oksaleti nyingi, kitu kinachoweza kujenga mawe kwenye figo, kwa hiyo mtu mwenye historia ya mawe ya figo asiyafanye mboga ya kila siku, na akiyala ni vizuri yachemshwe kwanza na maji yake yamwagwe.

Majani ya karoti yanaliwa, ingawa wengi wamesikia kwamba ni sumu. Ni machungu kidogo na yana nyuzi, kwa hiyo hayafai kuwa mboga ya sahani nzima; mtu akiyapika kama mchicha atakatishwa tamaa na hatarudia. Mahali pake ni pale tunapoweka kotimiri. Nachambua yale majani membamba kutoka kwenye vikonyo, nayakatakata mpaka yawe kama unga mzito, kisha nayatia katika kachumbari, katika kimanda cha mayai, au juu ya mchuzi wa samaki wa mgebuka dakika moja kabla ya kuepua. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba karoti ikiachwa na majani yake hulegea upesi, kwa kuwa majani huendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi. Ukifika nyumbani, yakate mara moja, uache kipande kidogo tu shingoni, karoti ziende upande wake na majani yafungwe kwenye kitambaa chenye unyevu upande wake.

Kwa bitiruti na karoti huwa nauliza swali kabla ya kuchukua majani: zilipigwa dawa lini? Mkulima anayeamini kwamba hakuna atakayekula jani hana sababu ya kusubiri siku zinazotakiwa kati ya kupuliza dawa na kuvuna, na dawa hukaa kwenye majani kuliko mahali pengine popote. Muuzaji asipojua jibu, mimi humshukuru na kuchukua karoti peke yake. Hata yakiwa salama, nayaosha mara tatu katika beseni, nikiyainua kutoka majini badala ya kuyamwaga pamoja na maji, ili mchanga ubaki chini.

Magimbi yanayoota mabondeni, pembezoni mwa vijito, yana majani mapana ambayo huwasha koo vibaya yakipikwa haraka haraka. Mwasho huo hutokana na chembe zenye ncha kali kama sindano zilizo ndani ya jani. Anayetaka kuyala achukue yale machanga tu, aondoe mshipa mkubwa wa katikati, ayachemshe muda mrefu, amwage maji, ndipo ayapike upya. Mimi binafsi siyapendi sana, na sitajifanya kuyasifu.

Lakini kuna jani moja ambalo ni lazima nilitaje kwa sauti, nalo ni la viazi mviringo. Mtu akishajua kwamba majani ya viazi vitamu yanaliwa, ni rahisi kudhani kwamba majani ya kiazi chochote yanaliwa. Mimea hii miwili inashirikiana jina tu. Kiazi mviringo ni cha ukoo wa nyanya na bilinganya, na majani yake yana sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Mnavu nao ni wa ukoo huo, nasi tunaula kwa furaha, na ndiyo maana mtu anaweza kudanganyika na kusema kwamba kama mnavu unaliwa, hili nalo litaliwa. Haliliwi na mtu, wala mbuzi asipewe. Mahali pake ni kwenye shimo la mboji, na kama yana ugonjwa wa baka jani ni afadhali yachomwe moto, yasije yakauleta ugonjwa shambani msimu ujao.

Nimezungumzia mbuzi, na hapo pana jambo ninalolisema kwa uchungu. Miaka sita iliyopita tulivuna muhogo mchungu kwa pamoja, na mashina yalipokatwa kulibaki lundo kubwa la majani mabichi ambalo nililiona kama zawadi kwa mifugo. Nilimfungia mbuzi jike wetu karibu na lundo hilo jioni, akiwa na njaa, kwa sababu alikuwa ameshinda kwenye kamba. Alikula kwa pupa. Kabla ya swala ya Isha alikuwa akihema kwa taabu, mate yakimtoka, miguu ikimtetemeka, na hakuuona usiku wa manane. Alikuwa na mimba. Sikujua wakati huo kwamba mbuzi anapotafuna majani mabichi anafanya kazi ileile ya kinu, anavikutanisha vile vitu viwili, ila yeye gesi yake hutokea tumboni.

Tangu siku hiyo majani ya muhogo hayaingii zizini yakiwa mabichi. Tunayakata, tunayasambaza kwenye kichanja cha miti mahali penye hewa na jua, tunayageuza asubuhi na jioni, na kuyaacha siku tatu mpaka yavunjike mkononi. Kwa kukauka huko sehemu kubwa ya sumu huondoka, na kinachobaki ni chakula chenye protini ambacho kinawafaa sana mbuzi wakati wa kiangazi, majani ya porini yanapokuwa yamekauka. Hata hivyo nachanganya na nyasi, siwapi hayo peke yake, na siwapi wakiwa na njaa. Marando ya viazi vitamu hayana shida hiyo: mbuzi, sungura na nguruwe huyala mabichi, ingawa mimi huyaacha yanyauke nusu siku ili yasiwajaze gesi.

Kukausha kunatusaidia na sisi wenyewe. Huku kwetu mvua hukatika mwezi wa tano, na kufikia Agosti fungu la mboga sokoni linakuwa dogo na bei yake inapanda. Ndugu zetu wa Tabora wanajua kuyakausha majani ya kunde yakawa nsansa, na njia hiyohiyo inafaa kwa matembele: nayatumbukiza kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika mbili, nayachuja, nayatandaza juu ya mkeka uliowekwa kivulini penye upepo. Nasisitiza kivuli, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A na kuyafanya majani yawe ya hudhurungi. Baada ya siku mbili au tatu yanakuwa makavu kabisa, nayaweka kwenye debe lenye mfuniko, na mwezi wa tisa nayaloweka na kuyapika kwa karanga zilizosagwa.

Si marando yote yanayopaswa kuliwa au kulishwa. Kabla ya kuyafyeka yote, nachagua mashina yasiyo na ugonjwa, nakata vipande vya sentimita 30 kutoka upande wa ncha, si upande wa shina, kwa kuwa fukusi wa viazi hutaga mayai kwenye sehemu kongwe iliyo karibu na ardhi. Vipande hivyo navipanda bondeni penye unyevu, vikae hai mpaka mvua za Novemba, vinginevyo msimu ukifika utawakuta watu wakizunguka kijiji kizima kuomba mbegu.

Mwaka huu nimevipanda vyote kwenye tuta moja karibu na kijito, nikavizungushia matawi ya miba ili mbuzi wa jirani wasivifikie. Jana vilikuwa vimeshika, na kila kipande kilikuwa kimetoa majani mawili mapya, madogo, yenye rangi ya zambarau pembezoni.